Ni akina nani walio nyuma ya kundi la utafiti wa miti ya mijini la Chuo Kikuu cha Indiana?

Afisa Misitu wa Mji (mwuliza swali)

Wadau, nawasalimu nyote. Nilihitimu shahada ya misitu miaka sita iliyopita na sasa ninafanya kazi katika idara ya mazingira ya halmashauri moja ya mji, ambako sehemu kubwa ya majukumu yangu ni miti ya kandokando ya barabara, ya viwanja vya shule na ya maeneo ya wazi. Kila msimu wa mvua tunapanda miche mingi, viongozi wanahutubia, picha zinapigwa, na taarifa inayopelekwa ngazi ya juu inataja idadi ya miche iliyopandwa. Idadi ya miche iliyoshika haitajwi, kwa sababu hakuna anayetumwa kurudi kuihesabu. Mwaka jana niliamua kurudi mwenyewe, kwa muda wangu wa mapumziko, kwenye mtaa ambao upandaji wake niliusimamia miaka mitatu kabla, nikakuta vigingi tulivyovichomeka bado vimesimama huku sehemu kubwa ya miche haipo. Niliumia sana, maana watoto wa shule ya jirani ndio waliochimba mashimo yale.

Katika kutafuta maarifa nimekutana na maandiko ya kundi linaloitwa Bloomington Urban Forestry Research Group, lililokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Swali lao kubwa ndilo lililonivuta: mti uliopandwa miaka mitatu au mitano iliyopita uko wapi leo, una hali gani, na ni kitu gani kilichoufanya uishi au ufe?

Ninachoomba kufahamishwa na wanaojua ni hiki. Kundi hili liliundwa na watu wa aina gani? Je, ni wanamisitu watupu, kama ambavyo ningedhani, au kulikuwa na wengine? Na katika kazi yenyewe ya mitaani, ni nani aliyeshika utepe na kupima? Nauliza kwa sababu nataka kukishawishi chuo kilicho karibu nasi tuanzishe kitu kinachofanana na hicho, na sitaki nianze kwa kukusanya watu wasio sahihi.

Mkazi wa zamani wa Bloomington

Dada, swali lako ni zuri na jibu lake linashangaza kidogo. Niliishi Bloomington miaka kadhaa nikifundisha Kiswahili huku nikisoma masuala ya sera za umma. Sikuwa mwanachama wa kundi hilo, lakini nilizisoma kazi zao kwa makini na nyumba ya kitaaluma walimotoka naifahamu.

Anza na nyumba yenyewe. Katika jimbo la Indiana, ukitaka kusomea misitu kwa maana ya kawaida, unakwenda Chuo Kikuu cha Purdue. Chuo Kikuu cha Indiana hakina kitivo cha misitu. Kundi hili lilizaliwa ndani ya kituo kiitwacho CIPEC, kilichoanzishwa mwaka 1996 kuchunguza jinsi taasisi za watu na ongezeko la watu vinavyobadilisha mazingira, hasa misitu. Wakurugenzi wake wawili wa mwanzo walikuwa Emilio Moran, mwanaanthropolojia aliyetumia miaka mingi kutafiti maisha ya wakulima wa Amazon, na Elinor Ostrom, mtaalamu wa sayansi ya siasa ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwanamisitu. Naamini jambo hilo ndilo lililolipa kundi hili macho yake, kwa sababu mtu aliyelelewa katika nyumba ile anapouona mti uliokauka, haishii kuuliza udongo una nini. Anauliza pia nani alikubali kuumwagilia, makubaliano hayo yaliandikwa wapi, na nani alikuwa na jukumu la kukagua.

Mwanamisitu alikuwapo, tena mzito. Profesa Burnell Fischer, aliyeliongoza kundi, alikuwa kabla ya hapo mkuu wa misitu wa jimbo zima la Indiana kwa miaka mingi. Mtu wa cheo hicho husimamia misitu ya serikali, uvunaji wa mbao, moto na wadudu waharibifu. Alipoingia chuoni kufundisha katika kitivo cha masuala ya umma na mazingira, alikuja na ujuzi wa ofisi ya serikali, yaani bajeti inavyopatikana na inavyokatwa, na jinsi mpango mzuri wa kupanda miti unavyokosa fungu la kuitunza. Ninyi mlio ndani ya halmashauri mnajua kwamba elimu ya namna hiyo haipatikani katika kitabu cha mimea.

Waliobaki walikuwa hasa wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na wale wa shahada ya kwanza. Sarah Mincey alichunguza sheria za mipango miji, akaangalia jinsi kanuni za matumizi ya ardhi zinavyoathiri ukubwa wa kivuli cha miti katika mji wa Bloomington. Jess Vogt, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha DePaul kule Chicago, alijikita katika kuishi na kukua kwa miti iliyopandwa. Shannon Lea Watkins alitoka upande wa sera za umma, naye aliuliza swali ambalo wengi hulikwepa: miti hii inapandwa kwa nani? Katika utafiti alioufanya pamoja na wenzake kuhusu mashirika manne ya upandaji miti, walikuta kwamba mitaa yenye kivuli kidogo na kipato kidogo ilikuwa ikifikiwa, lakini mitaa yenye asilimia kubwa zaidi ya wakazi weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini ilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupandiwa miti. Matokeo hayo yalihitaji mtu anayejua takwimu za makazi ya watu, na mtu huyo alikuwamo.

Sasa nije kwenye utepe. Uwanja wao mkuu wa kazi ulikuwa Indianapolis, mji mkuu wa jimbo, umbali wa kama kilomita 80 kutoka Bloomington. Huko walishirikiana na shirika lisilo la kiserikali la Keep Indianapolis Beautiful, ambalo wakati huo lilipanda miti pamoja na wakazi wa mitaa, kisha wakazi wenyewe wakabaki na jukumu la kuimwagilia. Shirika hilo pia huajiri vijana wa sekondari wakati wa likizo ya kiangazi kupanda na kutunza miti. Kwa ushirikiano huo kundi liliandika mwongozo wa kuihesabu na kuipima upya miti iliyokwisha kupandwa, na waliutunga kwa makusudi ili mtu asiye mtaalamu aweze kuutumia baada ya kufundishwa. Kwa hiyo, Dada, kazi ya utepe haikuachiwa wenye shahada za uzamivu peke yao.

Mincey na Vogt walipoilinganisha mitaa ya Indianapolis, waliona kwamba pale ambapo majirani walimwagilia miti kwa pamoja, kwa utaratibu walioupanga, miti mingi zaidi iliishi kuliko pale ambapo kila nyumba iliachiwa mti wake. Miti ni ya mji mmoja, na waliochimba mashimo walifundishwa na shirika lile lile. Kilichotofautiana ni namna majirani walivyopatana. Ningekuwa mimi ninaandika pendekezo la kupeleka chuoni, ningeliweka jambo hilo ukurasa wa kwanza.

Mstaafu wa Idara ya Misitu

Nawashukuru nyote wawili. Niruhusuni niongeze kipande ambacho vijana wengi hawakijui, kwa sababu mizizi ya kundi hilo inafika mpaka kwetu.

Kabla ya miti ya Indianapolis, Profesa Ostrom na wenzake walikuwa wameanzisha mpango wa utafiti uitwao IFRI mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lengo lake lilikuwa kupima misitu katika nchi nyingi kwa kutumia fomu zinazofanana, huku wakiwahoji watu wanaoitumia misitu hiyo kuhusu kanuni zao. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kushiriki, kupitia Chuo Kikuu cha Makerere. Baadaye Kenya ikaingia kupitia taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI, na Tanzania kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Dada, ikiwa chuo unachokitaja kina walimu wa misitu wa rika la makamo, usishangae ukimkuta mmoja wao aliyewahi kuzijaza fomu hizo akiwa kijana.

Nakumbuka tulivyojadili matokeo ya Uganda, hasa habari za msitu wa Echuya, kusini magharibi mwa nchi ile. Wabatwa, jamii ya wawindaji na wachumaji, walioruhusiwa kuishi na kuchuma ndani ya msitu ule walikuwa ndio macho yake, kwa kuwa mgeni aliyeingia kukata miti hakuweza kujificha kwao. Watafiti wa Makerere, Abwoli Banana na William Gombya-Ssembajjwe, waliulinganisha msitu huo na mingine, wakaonyesha kwamba ulinzi wa kanuni na uhakika wa haki za watumiaji vilieleza hali ya msitu kuliko jina la mwenye hati. Ukiyaweka maelezo hayo kando ya yale ya mitaa ya Indianapolis, utaona swali ni lile lile. Kule liliulizwa kuhusu msitu wa mlimani, na huku likaulizwa kuhusu mti mmoja mbele ya nyumba ya mtu.

Jambo la pili ni dogo, lakini mimi linanipendeza sana. Ostrom alianza kuizunguka mitaa ya Indianapolis mapema katika miaka ya 1970, na wakati huo hakuwa akitafuta miti. Alikuwa akitafiti huduma za polisi, akiwauliza wakazi kama polisi wanafika wanapoitwa na kama wanawatendea haki. Katika kazi hizo yeye na wenzake ndipo walipojenga wazo kwamba huduma ya umma hutengenezwa na pande mbili, mtoa huduma na mwananchi, na kwamba polisi hawezi kuleta usalama pale ambapo mkazi amejiondoa. Mti wa mtaani ni huduma ya namna hiyo hiyo: halmashauri inaleta mche, na mwenye nyumba analeta ndoo ya maji kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Asipoleta, hakuna mti.

Kuhusu hofu yako ya kukusanya watu wasio sahihi, kumbuka kwamba hata jina la taaluma yenyewe, urban forestry, yaani misitu ya mijini, halikutoka kwa mpanda miti. Anayetajwa kulianzisha, mwaka 1965, ni Erik Jorgensen wa Chuo Kikuu cha Toronto, mzaliwa wa Denmark, aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa ya miti. Alikuwa akihangaika na ugonjwa wa kuvu uliokuwa ukiiua miti ya elm katika miji ya Kanada.

Mwenye kitalu, Pwani

Nimesoma yote kwa heshima, nami nina jambo ambalo nadhani halijatajwa vya kutosha. Nimekuwa nikiotesha miche na kuiuza kwa halmashauri, shule na watu binafsi kwa miaka ishirini na miwili, mwarobaini, mjohoro, mkungu na mingineyo. Ninakubaliana na matokeo ya majirani kumwagilia kwa pamoja, lakini naomba yasichukuliwe kama yalivyo na kupandikizwa hapa bila kupimwa. Indianapolis mkazi anafungua bomba na kuvuta mpira mpaka kwenye mti. Katika mitaa mingi ninayoihudumia maji hununuliwa kwa dumu, na mama aliyenunua madumu manne kwa siku hawezi kulaumiwa akimaliza yote jikoni na kufulia. Kwa hiyo katika kundi lenu la utafiti, pamoja na mtu wa sera na mtu wa takwimu, awepo mtu anayeijua biashara ya maji ya mtaa huo, na kama ni muuza maji mwenyewe, aitwe kikaoni.

Nina ombi pia kuhusu sisi wa vitalu. Miche ikifa mitaani, lawama huja kwetu au kwa wakazi, na mara nyingi hakuna mwenye ushahidi. Nilipoambiwa na kijana wangu anayesoma chuoni kwamba watu wa Bloomington waligawa sababu za kuishi kwa mti katika mafungu, yaani mti wenyewe, mazingira uliomo, jamii inayouzunguka, na taasisi pamoja na matunzo, niliona haki imetendeka. Mche wangu una mizizi iliyojikunja ndani ya kiriba? Hilo ni langu, niambiwe. Umepandwa kwa kina mno, shina likafukiwa? Hilo ni la mpandaji. Mbuzi wameutafuna? Hapo ni suala la mtaa na sheria ndogo za mifugo. Wanaorudi kupima wakiandika kila kimoja mahali pake, nami nitajua nibadilishe nini kitaluni, na mnunuzi atajua anachodai.

Jambo la mwisho ni fedha. Fischer na Vogt, pamoja na mwenzao Richard Hauer wa Wisconsin, walikusanya yaliyoandikwa kuhusu gharama za kuitunza miti ya mijini na gharama za kutoitunza. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ningeomba mweka hazina wa halmashauri asomewe. Mche usiopogolewa ukiwa mdogo unakuja kudai gari la ngazi na wafanyakazi watano ukiwa mkubwa, na tawi likiangukia paa la mtu, gharama inaingia mahakamani.

Afisa Misitu wa Mji (mwuliza swali)

Mzee, shikamoo, na nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nilikuja nikiwa na orodha ya wanamisitu watano. Sasa nimeifuta majina matatu na kuweka mwalimu wa sheria za ardhi, mtu wa takwimu, na mwenyekiti wa mtaa ule ule wenye vigingi, ambaye nilimwona juzi akakubali kunisikiliza. Suala la bei ya maji nitaliingiza kwenye hojaji.

Ndugu uliyeishi Bloomington, naomba unifafanulie jambo moja la vitendo. Tulifundishwa chuoni kupima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Mche wa miaka mitatu mara nyingi haujafikia unene wenye maana kwenye kimo hicho, na mwingine haujakifikia kimo chenyewe. Wao walifanyaje? Na ni mambo gani mengine wanaopima waliyaandika?

Mkazi wa zamani wa Bloomington

Dada, mti mchanga hupimwa chini zaidi, kiasi cha sentimita 15 kutoka ardhini, kama wenye vitalu wanavyopima miche wanapoiuza. Mwenye kitalu hapo juu atakuonyesha chombo chake. Mti ukishakuwa mkubwa, kipimo cha kimo cha kifua kinaongezwa, na ni vizuri kuandika vyote viwili ili mwaka mwingine uweze kulinganisha. Kila mara andika pia kimo ulichopimia, kwa sababu mpimaji wa mwaka ujao huenda akawa mtu mwingine.

Zaidi ya unene, mwongozo unamtaka mpimaji aangalie aina ya mti na urefu wake. Kama matawi ya juu yamekauka na kwa kiasi gani. Kama shina lina jeraha. Kama kigingi na kamba bado vipo na vinaukaba mti. Kama kuna matandazo na yamerundikwa kugusa shina. Kama mahali shina linapokutana na mizizi panaonekana au pamefukiwa. Na umbali wa mti kutoka barabara, jengo na waya za umeme. Fomu ya namna hiyo inaweza kujazwa na kijana wa kidato cha tatu aliyefundishwa siku mbili, mradi awe na mwenzake wa kuandika na mtu mzima wa kurudia kupima miti michache ili kuona kama vipimo vinakubaliana.

Unahitaji pia orodha ya siku ya kupanda. Bila kujua ni miche mingapi iliwekwa, wapi na lini, hutaweza kusema asilimia ngapi imeshika. Ikiwa kwa mtaa ule orodha haipo, mchukue mwenyekiti na wale watoto waliochimba mashimo, mtembee nao kutoka kigingi hadi kigingi wakikuonyesha, na vigingi vile vilivyokuumiza ndivyo vitakavyokuwa orodha yako. Pale pasipo na mti msiparuke. Mpe nafasi ile namba yake, andika kama kuna mti mkavu, kisiki, chipukizi au hakuna kitu, weka tarehe, kisha uwaulize wenye nyumba iliyo karibu wanakumbuka nini kuhusu mche ule.